Habari za Eringeti

Manette ya mkono wa kulia, kile kishikio chenye vitufe, ilianguka tena. Iligonga saruji kwa mlio mkavu, ikabiringika hadi chini ya meza yenye soda za wageni, na Élysée, fundi wa mradi, akapiga magoti kuifuata. Ukumbi wa parokia ulikuwa umejaa. Wenyeji wa Butembo walikaa nyuma. Mbele walikalishwa wale waliokimbia vita kutoka Eringeti, na mbele yao kabisa, katika kigari chake cha magurudumu, alikaa Mama Kavuo, uso umefunikwa na miwani ya kuonyesha filamu, nyeusi, nene kama kisanduku.

Orpa, binti yake, alisimama kando akikunja na kukunjua kitambaa cha kichwa ambacho mama alikuwa amevuliwa. Ukanda wa miwani haukukubali kupita juu ya kitambaa. Nywele za mama, nyeupe na chache, zilikuwa zimelala upande mmoja mbele ya macho ya watu wote. Orpa alitamani kumfunika, lakini hakujua afunike wapi.

"Inaomba zote mbili kwa mara moya," Élysée alisema akijifuta vumbi magotini. "Ya kushoto na ya kuume. Unabonyeza pamoja, njo inafunguka."

"Mukono ya kuume imekufa," Orpa alisema kwa sauti ndogo. "Nilibaambia tangu mwezi ule."

"Najua, dada. Mais miwani yenyewe haijui."

Aliuchukua mkono wa mama uliopooza, akavizungushia vidole manette, akavibana kwa vidole vyake mwenyewe kama mtu anayemfundisha mwingine kushika mchi. Akabonyeza. Hakuna kitu. Alipoachia, manette ikateleza, lakini safari hii aliidaka kabla haijafika chini. Mtu mmoja nyuma alipiga makofi.

"Ni nini tena?" aliuliza Monsieur Luc, mkuu wa mradi, bila kuinua sauti. Alikuwa amesimama karibu na mgeni kutoka Goma, bwana mwenye kamera shingoni ambaye kila baada ya muda mfupi aliangalia saa.

"Tujaribu njia ya sauti, chef. Kuna fasi ya kusema tu."

"Basi aseme."

Élysée aliinama sikioni kwa mama. "Mama, sema: ouvrir. Ni kusema fungua."

Mama Kavuo akasema. Tangu ugonjwa ulipomwangusha, ulimi wake ulikuwa mzito, na maneno yalimtoka yamelowa na kushikamana, kama unga ulioingia maji kabla ya wakati. Nyumbani Orpa peke yake ndiye aliyeyaelewa. Ndani ya miwani sauti ya mwanamke ikajibu kwa Kifaransa, safi na kubwa, hata walio nyuma wakaisikia: Je n'ai pas compris, sijaelewa.

Watu wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya. Ni kicheko cha mtu aliyesikia kasuku akitukana.

"Tena, mama."

Akasema tena. Yule mwanamke akajibu vilevile, kwa sauti ileile isiyochoka. Mara iliyofuata mama hakufungua kinywa.

Élysée aliivua miwani, akaivaa yeye, akabonyeza manette zote mbili, akasema imefunguka, ona, imefunguka vizuri. Akaivua haraka kumrudishia mama. Ikajifunga njiani. Kila ilipotoka kichwani ilijifunga na kuanza kuuliza upya. Alifanya hivyo tena, jasho linamchuruzika, na hapo kijitaa cha pembeni kikawa chekundu, halafu hakikuwa na rangi yoyote.

"Batri," alisema.

Groupe, jenereta ya parokia, haikuwa na mafuta. Waliotumwa kuyatafuta walikuwa hawajarudi. Monsieur Luc akamtazama mgeni, mgeni akatazama saa.

"Eko na ndege ku Mavivi," Luc alisema. "Saa hii angepaswa kuwa mu njia ya Beni. Bon. Tupige picha, tumalize."

"Haiwaki, chef," Élysée alisema.

"Picha haionyeshi ndani."

Basi wakapiga picha. Mgeni aliomba mama ageuzwe kidogo, kwa sababu upande mmoja wa mdomo ulikuwa umeshuka na mate yalikuwa yameanza kutoka. Luc mwenyewe alikisukuma kigari. "Mama, inua mukono. Ile yenye inatumika. Sawa vile unataka kugusa kitu. Njo vile! Cheka kidogo, mama." Mama Kavuo akainua mkono wa kushoto hewani. Kamera ikalia. Orpa aliona vidole vya mama vikifunguka na kufumba, vikitafuta kitu vilichoambiwa vikiguse.

Kisha Luc akachukua kipaza sauti. Alisema kwamba mradi huu ni wa wazee na wa walemavu, wale ambao barabara imewafungia. Kwamba mtu asiyeweza kutembea sasa anaweza kufika kwao bila kuinuka. "Leo, mbele yenu," alisema, "Mama Kavuo ametembea Eringeti."

Ukumbi ukapiga makofi. Wanawake wa Eringeti wakapiga vigelegele. Élysée alikuwa ameinama, anakunja nyaya, anazikunja na kuzikunjua.

* * *

Kwa watu wa Eringeti, anayetoka nyumbani haendi kulala kabla hajatoa habari. Awe amekuja kwa lori, kwa pikipiki au kwa miguu, ataketi, atapewa maji, na wale walio ugenini watakaa mbele yake na kumuuliza mmoja mmoja: mvua, magonjwa, nani amezaa, nani amezikwa, shamba la fulani liko namna gani. Naye hana ruhusa ya kujibu kwamba hakuona. Kusema hukuona ni kusema ulipita mbele ya mlango wa mwenzako bila kugeuza shingo.

Kwa hiyo jua lilipoanza kuegemea vilima vya Butembo, walikuja. Waliingia wakiinamisha vichwa, kwa sababu mlango wa nyumba waliyopanga Orpa na mama ulikuwa mfupi, wakajaza benchi, wakajaza mkeka, waliobaki wakasimama uani. Mbele yao wote alikaa Maliro, mdogo wake Mama Kavuo wa tumbo moja, na Kahongya mke wake, aliyekuja na ndizi katika kitambaa.

Orpa aliwatazama akashangaa. Tangu ugonjwa wa mama, watu walipokuja walimsalimu yeye. "Mama anaendelea?" walimuuliza, juu ya kichwa cha mama, kama mtu anayeulizia mzigo uliohifadhiwa kwa jirani. Leo walimshika mama mkono, yule hai, mmoja baada ya mwingine. Wasingya, walimwambia, asante kwa kwenda. Mzee mmoja alivua kofia.

Maliro alinyoosha mgongo. "Yaya, dada yangu," alisema kwa sauti ya mbele za watu, "umetoka kwetu. Tupe habari."

Mama Kavuo alimtazama, akatazama watu. Mdomo wake ukafanya kazi yake ngumu.

"Giza," alisema.

Kwa masikio ya wengine ilikuwa sauti tu, kama ya mtu anayesukutua maji. Wote wakageuka kwa Orpa.

"Anasema nini?"

Baadaye, alipojaribu kutafuta ni kitu gani kilichomsukuma, hakupata kimoja. Kulikuwa na Monsieur Luc, ambaye mwisho wa mwezi angechagua mmoja tu kati ya wahamasishaji wa mradi, Orpa akiwa mmoja wao, ampe mkataba, naye alikuwa na diploma aliyoitunza ndani ya plastiki bila kuitumia. Kulikuwa na ndizi za Kahongya. Lakini zaidi kulikuwa na ile kofia mkononi mwa mzee, na mama aliyeulizwa neno kwa heshima, kwa mara ya kwanza tangu mdomo wake uende upande.

"Anasema ameona nyumba," Orpa akasema.

Mlio wa pumzi ukapita chumbani.

"Iko?"

"Iko. Imesimama."

Mama akageuza kichwa polepole akamtazama binti yake.

"Na fasi ya kanisa?" mwanamke mmoja akauliza. "Na kisima ya kwa chini?" "Banarudia mu soko?" Kila mmoja alimuuliza mama, na kila mmoja alingoja jibu kwa Orpa. Mama alisema tena neno lake, mara mbili, kwa bidii hata mshipa wa shingo ukasimama, na Orpa akasema kanisa lipo, kisima kipo, watu ni wachache lakini wapo. Maneno yalitoka yenyewe. Alijisikia kama anayesimama mbali, akimsikiliza msichana mwingine.

Maliro ndiye aliyeuliza la mwisho. Aliuliza polepole, kama mtu anayekanyaga ubao asiouamini.

"Na kakao?"

Mama alikuwa amefumba macho. Hakusema chochote safari hii. Watu wakangoja. Orpa akaona haya ya kimya kile.

"Imeiva," akasema. "Haijavunwa."

* * *

Siku zilizofuata mama hakumtuma Orpa chochote. Akitaka maji alielekeza kidole cha kushoto. Akitaka kugeuzwa alingoja. Orpa alimwogesha, akamvisha, akampikia uji, na kati yao hapakuwa na ugomvi, palikuwa na nafasi tu, kama chumba kilichohamwa. Orpa hakulia. Alingoja kulia kuje, kama mtu anayengoja kupiga chafya, na hakukuja.

Jumamosi Kahongya alipita na sufuria mbili kichwani. Alizitua mlangoni.

"Hizi ni zenu. Tulibaazima wakati wa matanga. Sitake kuondoka na kitu ya mutu."

"Munaondoka wapi, mama Kahongya?"

Kahongya alicheka. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye kucheka upesi, na kicheko chake kilikuwa kimepungua tangu afike Butembo na kuishi kwenye veranda ya watu. "Weye njo unauliza? Si ni nyinyi mulituletea habari? Maliro ameisha kwenda Beni jana, kutafuta fasi mu Fuso ya Nassoro. Mimi ninamufuata leo. Tutalala Mavivi kwa ndugu yake, kesho asubuhi tunapanda."

"Mpaka Eringeti?"

"Gari itafika fasi itafika. Penye itatuacha tutatembea. Kakao haingojee mutu, Orpa. Ikianguka chini ni ya panya."

"Mais banasema kule njia..."

"Banasema, banasema. Wale hawajaona. Mama yako ameona." Akamwinamia Mama Kavuo, akamshika shavu. "Yaya, tutakuletea debe ya mihogo. Wasingya."

Mama alitoa sauti. Alimshika Kahongya mkono na hakutaka kuuachia. Akasema, akasema tena.

"Anasema nini?" Kahongya aliuliza, akitabasamu, jicho lake kwa Orpa.

Orpa alifungua kinywa. Aliona barabara nzima ya maneno mbele yake: kwamba batri ilikwisha, kwamba picha ilipigwa miwani ikiwa imezima, kwamba kakao aliitoa kichwani mwake. Na mwisho wa barabara hiyo aliona Kahongya akipita soko zima na habari hizo, na mama akirudi kuwa mzigo uliohifadhiwa.

"Anasema mwende na Mungu," akasema.

Kahongya akaondoka. Mama Kavuo akaugeuza uso ukutani, akabaki hivyo.

* * *

Élysée alipanga chumba karibu na parokia. Mchana uleule Orpa alimkuta amekaa mlangoni, ile miwani imefunguliwa magotini, na kando yake kitufe chekundu kikubwa, cha aina ya vile vinavyowasha mashine ya kusaga unga, kimefungwa kwenye kipande cha mbao.

"Nilitaka kukuja kwenu," alisema bila kusalimu. "Angalia. Kimoja tu. Unakiweka ku mukono ya kigari, anapiga na kiganja, inafunguka. Hata na kiwiko. Nimeambia chef, anasema vitu vinarudi Goma. Lakini kama mama anakubali, batri imejaa, tunaweza kumwonyesha leo. Aone ya kweli."

"Ya kweli ya Eringeti?"

Élysée akachukua bisibisi, akairudisha.

"Dada, hapana Eringeti mule."

"Namna gani?"

"Mutu gani angebeba kamera mpaka Eringeti? Filme ilichukuliwa Kayna, zamani, wakati njia ya kule ilikuwa wazi. Chef alisema mugomba ni mugomba, nyumba ni nyumba, wazee batafurahi tu." Alimtazama. "Nilifikiri unajua. Si unafanya kazi na sisi?"

Orpa aliketi kwenye jiwe la mlango. Kayna ni juu, kwenye baridi, kwenye viazi na maharage. Hata kama mikono yote ya mama ingekuwa hai, hata kama yule mwanamke wa ndani ya miwani angemwelewa, asingeona mti hata mmoja wa kakao.

"Mujomba wangu anapanda gari kesho asubuhi," alisema. "Kwa sababu ya kakao."

"Kakao gani?"

Akamweleza. Alieleza kwa sauti moja, bila kupanda wala kushuka, na Élysée alisikiliza akiwa ameshika kile kitufe kama mtu aliyeshika yai.

"Mupigie simu."

"Nimepiga. Haipatikani. Na hata ikipatikana, atasema ninataka kumuzuia tu, kama watoto wote wa mujini."

"Basi nenda. Mimi nitabaki na mama." Akasimama. "Nitakaa naye. Ni kosa yangu pia. Ningekataa ile picha."

* * *

Alfajiri motard mmoja alimchukua kwa pikipiki na kumpeleka Beni, vumbi jekundu limewashika wote wawili nyusi. Walipofika Mavivi, lori la Nassoro lilikuwa limesimama kando ya barabara, limepakiwa chumvi, sabuni na mafuta, na juu ya mizigo watu wameketi kama kuku juu ya paa. Nassoro, mfanyabiashara wa Beni mwenye ndevu zilizopakwa hina, alikuwa akikagua kamba.

Maliro alikuwa juu, panga limefungwa kwenye gunia. Alimwona Orpa akacheka.

"Mupwa! Na weye unakwenda kuvuna?"

"Mujomba, shuka kidogo."

"Semea hapo hapo. Nikishuka batanikalia fasi."

Watu wote juu ya lori wakamtazama. Orpa hakuwahi kusema neno mbele ya watu wengi bila kipaza sauti cha mradi na karatasi ya Monsieur Luc.

"Mama hakuona kitu," alisema. "Miwani haikuwaka. Batri ilikwisha. Alisema giza, mimi nikasema nyumba."

Mwanamke mmoja akaguna.

"Na kakao?" Maliro aliuliza.

"Ni mimi."

"Ni weye nini?"

"Ni mimi nilisema. Yeye alikuwa amenyamaza."

Kahongya, aliyekaa juu ya katoni za sabuni, akapiga mikono pamoja. "Eeh! Musikie! Jana mama yake anasema mwende na Mungu, leo mama yake hakusema. Kesho atasema hata mama hana. Maliro, huyu ni Monsieur Luc amemutuma. Banataka tubaki Butembo, batupige picha."

"Ulimi hauna mfupa," mzee mmoja alisema, na watu wakacheka kidogo.

"Mzee, unashuka ao unabaki?" Nassoro aliuliza. "Jua linapanda. Na pesa ya fasi hairudi, nilisema."

Maliro alikuwa akimtazama mpwa wake kwa macho ya mtu anayepima uzito wa gunia kwa kulitazama. "Mupigie," akasema. "Nisikie yeye mwenyewe."

Orpa akapiga. Élysée akaitika upande wa pili, akasema anaweka simu sikioni kwa mama. Orpa akampa Maliro simu juu ya ubao wa lori.

"Yaya," Maliro alisema kwa nguvu, "ni miye. Uliona nini ndani ya ile miwani?"

Hata Orpa, kutoka chini, aliisikia ile sauti iliyolowa. Maliro alikunja uso. Akabadilisha sikio.

"Sisikie, yaya. Rudia." Akasikiliza. Akamnyooshea Orpa simu. "Anasema nini?"

Orpa akaweka mikono nyuma ya mgongo.

"Hapana, mujomba. Musikilize mwenyewe."

"Sijui maneno yake, weye njo unajua!"

"Musikilize. Hana haraka."

Nassoro alipanda kwenye kiti chake, akapiga honi. Maliro akainamisha kichwa kati ya magoti, akaziba sikio la pili kwa kidole, na lori zima likanyamaza kumwangalia mzee aliyejikunja juu ya chumvi. "Rudia," alisema. "Rudia, yaya. Pole pole." Akarudia yeye sauti alizozisikia, moja moja, kama mtoto anayesoma silabi ubaoni. Honi ikapigwa tena. "Ki... gi..." Akaibana simu zaidi. "Giza? Unasema giza?"

Akasikiliza kwa muda mrefu.

"Kijana anasema anaitika na kichwa," alisema hatimaye, kwa hakuna mtu hasa.

Akaanza kufungua kamba ya gunia lake.

"Giza ni nini sasa?" Kahongya akamshika mkono. "Maliro! Hata huku ni giza! Hata mu ile veranda ni giza! Kakao yetu iko kule, kama mama ameiona, kama hakuiona, iko!"

"Najua iko."

"Basi?"

"Basi nilikuwa ninakwenda kwa sababu kuna mutu alipita mbele yangu akaona njia," alisema. "Sasa hakuna mutu."

Alishuka, gunia begani. Kahongya alibaki juu hadi Nassoro alipowasha injini. Ndipo akateremka kwa kushikwa mkono na watu, bila kumtazama Orpa. Nafasi waliyoiacha juu ya katoni ikakaliwa kabla lori halijaondoka.

* * *

Hakuna aliyeweza kusema kama Orpa aliwaokoa au aliwakosesha. Nassoro alirudi baada ya siku chache. Alisema alizuiwa na askari kabla ya kufika, akauza chumvi yake palepale. Walioendelea kwa miguu waliendelea kwa miguu, yeye hakuwafuata. Wengine walirudi na magunia mawili matatu ya kakao. Wengine walikuwa bado hawajarudi, na kwa watu wa Eringeti neno hilo, bado, linaweza kukaa miaka. Kila alipokutana na Orpa kwenye bomba la maji, Kahongya alisema kwa sauti ya kusikika, "Wale bamekula kakao yao," au siku nyingine, "Wale hawajafika." Alikuwa na haki ya kusema yote mawili.

Watu hawakuja tena kuketi kwa mama. Ujumbe wa Monsieur Luc uliingia kwenye simu kumshukuru Orpa kwa ushirikiano wake, bila neno la mkataba. Picha ilikuwa imebandikwa kwenye mlango wa ofisi: Mama Kavuo, upande wake mzuri, mkono juu. Élysée alipeleka kitufe chake Goma pamoja na nyaya, kwa sababu kilikuwa kimefungwa kwa skrubu za mradi.

Maliro ndiye aliyekuja. Alikuja alasiri, ukungu umeanza kushuka, akamkuta Orpa uani anatwanga sombe, majani ya mihogo.

"Mupwa," alisema, amesimama. "Sitakutukana. Wewe ni mutoto wa dada yangu. Lakini kuanzia leo, akisema, utanyamaza. Hata nikikuuliza."

"Ndiyo, mujomba."

"Nitamujua mwenyewe. Nilimujua kabla yako."

Akainama, akapita mlangoni. Orpa alimwona akivuta kigoda hadi karibu na kigari, akiweka sikio lake karibu na mdomo wa mama kama mtu anayesikiliza iwapo mtungi una ufa. Mama akasema kitu.

"Maji?" Maliro aliuliza. Akaleta kikombe. Mama akatikisa kichwa.

Akasema tena. "Kitambaa?" Akamwekea kitambaa kichwani vibaya, kimening'inia kwenye jicho. Mama akatikisa kichwa, kitambaa kikaanguka, na mdomo wake, ule upande unaoweza, ukajaribu kucheka.

"Unataka kulala? Hapana? Unaumwa? Sema, yaya. Niko tu. Sina pa kwenda."

Orpa alikuwa amesimamisha mchi. Alikuwa amelielewa neno tangu mara ya kwanza. Lilikuwa neno dogo, rahisi, na lilikuwa limemjaa kinywani hadi meno yakamuuma. Aliutazama mchi. Hakulisema.

Mama alisema mara nyingine, na nyingine. Maliro alirudia sauti zake, akakosea, akarudia. Baridi ya jioni ilikuwa ikiingia uani kutoka bondeni, nzito, yenye harufu ya moshi wa mikaratusi. Hatimaye mzee akainua kichwa, akatazama huku na huku chumbani, akatazama mlango.

"Aah," alisema. "Baridi."

Akasimama, akavuka chumba kwa hatua za mtu aliyepata alichokitafuta, na akaufunga mlango, Orpa akiwa nje.